Mbona Wanapaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu za Kung Fu za Zamani

Maelezo haya ni ya filamu za ngumi na panga zilizotengenezwa Hong Kong kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980. Utazitambua kwa ngao yenye herufi SB, yaani Shaw Brothers, inayotokea mwanzoni, kwa mateke yenye mlio wa shuka inayokung'utwa, na kwa mzee wa ndevu nyeupe anayecheka kabla hajaua mtu. Yameandikwa kwa ajili ya mpenzi wa filamu hizi na pia kwa ajili ya mtu anayelazimika kuishi naye.

Zilitoka wapi?

Nyingi zilitoka kiwanda kimoja. Familia ya Shaw ilianza kutengeneza filamu Shanghai mwaka 1925. Mmoja wa wadogo, Run Run Shaw, alihamia Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1950, akapata ardhi kwenye vilima vya Clearwater Bay, na mwaka 1961 akafungua mji mzima wa sinema: kumbi za kupigia picha, mitaa ya kale ya mbao, maabara ya kusafishia filamu, mabweni ya waigizaji. Waigizaji walifungwa kwa mikataba ya miaka, wakalala na kula humo humo. Katika miaka ya 1970 filamu zaidi ya 30 zilikuwa zikitoka pale kwa mwaka.

Kwa hiyo ukiona daraja lile lile la mawe katika filamu tatu, macho yako hayajakudanganya. Nyumba ya wageni aliyofia baba wa steringi katika filamu hii ndiyo atakayonywea pombe adui katika filamu ijayo, tena pengine kwenye meza ile ile.

Mshindani mkubwa, Golden Harvest, alizaliwa mwaka 1970 pale Raymond Chow, aliyekuwa mtu wa karibu wa Shaw, alipoondoka na kuanza yake. Huko ndiko alikotua Bruce Lee.

Haya, mbona wanapaa?

Jibu la fundi: kuna trampolini nje ya picha, au waya mwembamba mgongoni, au mtu ameruka kutoka juu kushuka chini na mkanda ukachezwa kinyumenyume.

Jibu la mtazamaji ni lingine. Wachina walikuwa na hadithi za mapanga na mashujaa wanaotangatanga muda mrefu kabla ya kamera kuwepo, na katika hadithi hizo mtu aliyefuzu sana hupunguza uzito wa mwili wake. Anakanyaga jani bila kulivunja. Anapita juu ya paa na paka asisikie. Shanghai ya mwaka 1928 ilishatoa filamu ya aina hiyo, ikaendelea mpaka sehemu 18, watu wakaipenda kupita kiasi hadi serikali ikaipiga marufuku mwaka 1931, kwa sababu, pamoja na mengine, ilionekana inaeneza ushirikina. Kuruka ni cheti cha elimu, ndiyo maana mwanafunzi mbichi hapai hata siku moja. Ukitaka kujua nani mkubwa katika filamu, usisikilize maneno. Tazama nani ametua juu ya ukuta bila kuonekana akipanda.

Na zile pozi kabla ya ngumi? Mbona hawaanzi tu?

Lazima mikwara ichimbwe kwanza. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, na huu ndio ufunguo wa karibu kila kinachoonekana kimetiwa chumvi humu: filamu hizi ni watoto wa jukwaa. Katika opera ya Beijing, mchezo wa jukwaani wa kuimba na sarakasi, mpiganaji huingia, husimama ghafla kama sanamu, hukaza macho, ngoma na matoazi hulia, hadhira ikamjua ni nani na ana hasira kiasi gani. Rangi za nyuso, ndevu za bandia zinazoshikwa kwa mkono mmoja, vicheko vya kupanda ngazi, mkuki unaozungushwa mara saba ambapo mara moja ingetosha, vyote vimetoka huko.

Hata watu wenyewe walitoka huko. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, aliyewafundisha sarakasi, kuimba na silaha kwa saa nyingi kila siku na kwa fimbo isiyokuwa na huruma. Opera ilipokosa watazamaji, vijana hao walihamia studio wakawa watu wa kuanguka ghorofani kwa niaba ya mastaa. Ukiona mtu anapigwa teke, anajizungusha mara mbili hewani, anavunja meza na kutua kwa mgongo, huyo ametumia utoto wake wote kujifunza jambo hilo.

Kwa nini midomo na sauti haviendani?

Kwa sababu sauti haikuwepo siku ya kupiga picha. Filamu zilirekodiwa bila sauti, maneno yakapachikwa baadaye studioni. Kwa mwenye kiwanda ilikuwa akili: muigizaji mmoja anaongea Kimandarini, mwenzake Kikantoni, wa tatu ametoka Korea, na hakuna anayechelewesha kazi. Wakati huo huo jirani anaweza kugonga misumari ya seti nyingine.

Kwa hiyo hata wenyewe Wachina mara nyingi walikuwa wakisikia sauti ya mtu mwingine. Toleo la Kiingereza lilifanywa na kundi dogo la wageni waishio Hong Kong, wachache kiasi kwamba ukizitazama nyingi utaanza kuwatambua: huyu leo ni mtawa, jana alikuwa jambazi. Walilazimika kujaza mdomo unaoendelea kutikisika hata kama maneno yameisha, ndiyo sababu ya zile "eh… lakini bado!" zisizo na kichwa wala miguu.

Ile sauti ya ngumi inatengenezwa na nini?

Kila studio ilikuwa na maktaba yake ya milio iliyorekodiwa, ikatumika tena na tena. Kitambaa kilipigwa hewani, vitu viligongwa, chuma kikasuguliwa. Jambo la kuangalia, au tuseme la kusikiliza, ni mdundo. Fumba macho wakati wa pambano zuri utasikia ngoma: pa-pa, kimya, pa, fwaa, pa-pa-pa. Hapo pia opera haiko mbali.

Kamera kumkimbilia mtu usoni ghafla, hiyo nayo ni nini?

Lenzi ya zumu, basi. Ilikuwa mpya, ilikuwa rahisi, na iliokoa muda wa kuhamisha kamera. Inasema "sikiliza wewe, hili ni kubwa!" na inasema hivyo kila baada ya dakika mbili. Mimi naipenda. Asiyeipenda atapata shida sana na filamu za mwaka 1973.

Nimesikia muziki wa kipindi cha Kimarekani ndani ya filamu ya Kichina. Nimeota?

Hujaota. Studio zilichukua muziki wa watu kutoka kwenye sahani za santuri bila kuuliza sana. Mfano unaojulikana zaidi ni King Boxer ya mwaka 1972: kila shujaa, Lo Lieh, anapokumbuka aliyotendewa, mlio mkali wa Quincy Jones kutoka kipindi cha polisi cha Ironside unalia na viganja vyake vinawaka wekundu kama makaa. Filamu hiyo iliongozwa na Mkorea, Jeong Chang-hwa. Mwaka 1973 kampuni ya Warner Bros ikaipeleka kwenye kumbi za Marekani, na mlango ukafunguka kwa zote zilizofuata. Muziki wa wizi ulirudi nyumbani kwao ukiwa umevaa nguo za kung fu.

Kwa nini maadui huja mmoja mmoja?

Wakija wote pamoja filamu itaisha.

Mzee mwenye nyusi nyeupe ni nani?

Ni Pai Mei, msaliti mkuu wa simulizi za Shaolin, hekalu la watawa wapiganaji. Simulizi zinadai aliwasaidia watawala wa nasaba ya Qing kuliangamiza hekalu. Katika Executioners from Shaolin ya mwaka 1977 anachezwa na Lo Lieh yule yule wa viganja vyekundu, na hapo chumvi imemwagwa gunia zima. Mwili wake haupenyeki. Ukimpiga teke kwenye sehemu za siri, anazivuta ndani ya mwili, ananasa mguu wako hapo hapo na kukuburuta nao uwanjani. Shujaa Hung anafanya mazoezi kwa miaka mingi, anamwendea, anashindwa, anarudi kufanya mazoezi tena, anamwendea, anauawa.

Kazi inabaki kwa mwanawe, ambaye mbinu ya chui milia ya baba ameisoma kwenye kitabu kilicholiwa na wadudu na mbinu ya korongo amefundishwa na mama. Anashinda kwa kuchanganya vyote viwili. Hivi ndivyo filamu hizi zinavyosema mambo mazito: mtoto ni wa pande zote mbili, na inathibitishwa kwa kumpiga mzee mpaka afe.

Kwa nini mazoezi ni marefu kuliko mapigano?

Kwa sababu mazoezi ndiyo hadithi yenyewe, na aliyelielewa hilo kuliko wote ni Lau Kar-leung. Huyu hakuwa mwongozaji aliyeajiri mtu wa kumpangia ngumi. Baba yake alisoma kwa Lam Sai-wing, na Lam alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa Guangdong ambaye Wachina wamemtungia filamu nyingi zisizohesabika kirahisi. Lau aliona aibu jinsi sinema zilivyokuwa zikiigiza sanaa ya familia yake.

Mwaka 1978 akatoa The 36th Chamber of Shaolin. Kijana anakimbia mauaji, anaingia hekaluni, na kwa sehemu kubwa ya filamu hampigi mtu yeyote. Anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa, visu vimefungwa kwenye mikono vikielekea mbavu ili asithubutu kushusha viwiko. Anagonga mifuko ya mchanga kwa kichwa. Anafuata mshumaa kwa macho huku vijiti vya ubani vinavyofuka vimemkaba pande zote za uso. Hata chakula anakizuiwa: kufika mezani lazima avuke maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea, na kila akitumbukia, njaa inamfundisha zaidi kuliko mwalimu.

Ni kutia chumvi? Ndiyo. Lakini tazama Gordon Liu, anayemchezea kijana huyo, anavyobadilika. Mwanzo ni mwanafunzi mwenye hasira na mabega yaliyolegea, mwisho ni mtu ambaye hata kukaa kwake kunatisha. Hakuna hotuba iliyoeleza hivyo, umeona mwenyewe ndoo kwa ndoo. Na akishamaliza vyumba vyote 35 anaulizwa anataka kufundisha chumba gani, anajibu anataka cha 36, cha kuwafundisha watu wa nje, wakulima na wapishi. Wakubwa wanakasirika. Kwangu mimi hiyo ndiyo kauli ya kisiasa iliyo wazi kuliko zote katika filamu za Shaw, na inatoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akilia kwa ajili ya uji.

Hekalu la Shaolin lilichomwa kweli?

Lipo, mkoani Henan, na lilichomwa kweli mwaka 1928, katika vita vya makamanda wa majimbo, na Shi Yousan. Kuchomwa kwa Shaolin ya kusini na nasaba ya Qing, ambako ndiko kunakochochea nusu ya filamu hizi, ni simulizi. Ilipendwa na vyama vya siri vilivyotaka kuwaondoa Wamanchu, wenye nasaba hiyo ya Qing, waliotawala tangu 1644. Kwa watu wa Hong Kong, wengi wao wakimbizi au watoto wa wakimbizi kutoka bara, hadithi ya wanafunzi waliotawanyika baada ya nyumba yao kuungua haikuhitaji ufafanuzi.

Kwa nini damu ni nyekundu vile, na mbona shujaa anachelewa kufa?

Hapo umefika kwa mwongozaji Chang Cheh. Alipenda wanaume vifua wazi, urafiki wa kufa na kuzikana, na shujaa anayeendelea kupigana huku utumbo umefungwa kwa mkanda. Mwaka 1967 One-Armed Swordsman yake ilikuwa filamu ya kwanza ya Hong Kong kuingiza dola milioni moja za pale nyumbani. Jimmy Wang Yu anakatwa mkono na binti wa mwalimu wake, tena kwa hasira za kitoto, kisha anajifunza upanga upya kwa mkono wa kushoto kutoka kwenye kitabu kilichoungua nusu. Kitabu kizima kisingemfaa. Mbinu za nusu kitabu kwa nusu mtu: ukikubali mantiki hiyo, umeshaingia.

Mwaka 1978 alienda mbali zaidi na Crippled Avengers, ambamo bwana mmoja katili anapofusha mtu, anamfanya mwingine kiziwi na bubu, anamkata wa tatu miguu na kumharibu akili wa nne. Wanne hao wanajifunza pamoja na kurudi. Maelezo yake ni ya kutisha, kuitazama ni furaha tupu, kwa sababu sarakasi za vijana wale zinazidi ubaya wa kisa. Hata hivyo nina kinyongo kidogo na Chang Cheh: wanawake kwake wapo kwa ajili ya kulia mlangoni.

Basi wanawake hawana nafasi?

Wanayo, ila si kwake. Mwongozaji King Hu aliwatanguliza. Katika Come Drink with Me ya mwaka 1966, Cheng Pei-pei, aliyekuwa amesomea dansi ya baleti, anaketi peke yake kwenye nyumba ya wageni iliyojaa majambazi, na anavyotulia ndivyo wao wanavyozidi kutokwa jasho. King Hu alikata picha zake kwa namna ambayo hujui mtu ameruka lini, unaona ameshafika. Filamu yake A Touch of Zen ilipewa tuzo ya ufundi Cannes mwaka 1975. Cheng mwenyewe alirudi akiwa mtu mzima mwaka 2000 kuwa adui wa Crouching Tiger, Hidden Dragon.

Golden Harvest walikuwa na Angela Mao, mwenye macho ya kukusuta. Naye Kara Hui alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya muigizaji bora wa kike ya Hong Kong Film Awards mwaka 1982 kwa My Young Auntie, akimchezea Lau Kar-leung shangazi mdogo anayewatandika wajukuu.

Bruce Lee yumo katika kundi hili?

Yumo na hayumo. Yeye alitaka ngumi ionekane inauma. Hata hivyo katika The Big Boss ya mwaka 1971 anampiga mtu akapita kwenye ukuta wa mbao na kuacha tundu lenye umbo kamili la binadamu, mikono na miguu. Alifariki Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32. Baada yake zikafuata filamu lukuki za watu waliojiita Bruce Li, Bruce Le na mengineyo, ambazo ukurasa huu hautazigusa.

Silaha gani ni ya ajabu kuliko zote?

Kofia inayorushwa kwa mnyororo, ikatua kichwani, ikafunga na kuondoka na kichwa. Hadithi za watu huihusisha na askari wa siri wa mfalme Yongzheng. Katika Master of the Flying Guillotine ya mwaka 1976 anaitumia mzee kipofu anayewawinda watu wenye mkono mmoja, wote, kwa sababu hawezi kumtofautisha anayemtafuta. Humo yumo pia mpiganaji wa yoga ambaye mikono yake hurefuka, na bondia wa Kithai anayepigana peku juu ya sakafu ya chuma iliyowashiwa moto chini. Sina cha kuongeza.

Hizi filamu ni mbovu mpaka zimekuwa tamu, sivyo?

Sivyo. Kuna zilizo mbovu, kiwanda cha filamu 30 kwa mwaka hakikosi makapi. Lakini nzuri zake zinajua zinachofanya. Angalia Dirty Ho ya mwaka 1979: mwana wa mfalme aliyejificha anakaribishwa kuonja mvinyo na mtu aliyetumwa kumuua. Wanamiminiana, wanasifiana, wanapeana vikombe, na chini ya adabu hizo mikono na miguu inapigana vita kamili bila hata mmoja kukiri kwamba kuna ugomvi. Huwezi kutengeneza kitu kama hicho kwa bahati mbaya. Cheka, umewekewa ucheke. Ila anayecheka kwa kuwa anaona wao hawakujua, yeye ndiye hakujua.

Zilifikaje kwetu?

Kwanza kwenye kumbi za sinema za mijini miaka ya 1970, ambako vijana walitoka wakirushiana mateke mpaka kituo cha basi. Kisha zikaja kanda za video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo deki moja na vibanda umiza vilibeba mzigo wote. Na humo akazaliwa msimuliaji: Lufufu kwa Dar es Salaam, DJ Afro kwa Kenya, na kule Uganda wale wanaoitwa VJ. Hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walimpa adui jina la mtaani, wakamtabiria kipigo, wakamkumbusha mtazamaji kwamba steringi hafi. Filamu iliyopachikwa sauti Hong Kong ikapachikwa tena Manzese, na sidhani kama iliharibika.

Kwa nini zilikoma?

Watazamaji wa Hong Kong walitaka kuona mji wao wenyewe, magari, polisi, vichekesho vya Kikantoni. Jackie Chan alikuwa ameshaonyesha mwaka 1978, kwenye Drunken Master, kwamba shujaa anaweza kuwa mvivu na mlevi. Mwaka 1983 Alexander Fu Sheng, kipenzi cha Shaw, alifariki kwa ajali ya gari katikati ya kupiga The Eight Diagram Pole Fighter, na nafasi yake katika kisa inaishia hewani. Filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1984, ina hasira isiyo ya maigizo. Muda mfupi baadaye Shaw waliachana na sinema na nguvu zao zikaenda kwenye televisheni ya TVB.

Nazipata wapi katika hali nzuri?

Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu karibu 760, ikazisafisha. Tafuta hizo. Nakala za zamani zilikatwa pembeni ili zienee kwenye runinga, na kwa kuwa zilipigwa kwa picha pana, unakuta steringi anapigana na mkono usio na mwenyewe.

Nianze na ipi?

The 36th Chamber. Ukitaka fumbo, Five Deadly Venoms ya mwaka 1978, ambamo wanafunzi watano wamefundishwa wakiwa wamevaa vinyago na hakuna anayewajua wote. Ukitaka ya kuangalia na mwenza, Heroes of the East, pia ya 1978: bwana Mchina, bibi Mjapani, wanagombana nani ana sanaa bora ya kupigana, ukuta wa nyumba unavunjika, mabingwa wa Kijapani wanaletwa, na hafi mtu.

Na watoto?

Heroes of the East bila wasiwasi. Za Chang Cheh subiri wakue. Kwa zilizobaki, ondoa kwanza meza ya kioo sebuleni.